Niliwaita Wanilimie, Nikawauza kwa Bosi

Mimi ni mkosaji. Msinianzie na pole, pole siistahili. Nitukaneni kwanza, halafu mkishapoa mnisikilize, kwa sababu jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki na hapa mjini hakuna hata mtu mmoja ninayeweza kumweleza.

Jina langu achaneni nalo. Mimi ni Mbena, mke wa mtu, mama wa watoto, nasali Kilutheri na naimba kwaya ya akina mama. Naishi Makambako. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kumenya magogo, na chenyewe sikitaji, maana bado kinanilisha. Mnaona? Hata sasa hivi ninapotubu bado naogopa!

Kazi yenyewe iko hivi. Gogo la mkaratusi linaingia kwenye mashine, linazungushwa kwenye kisu, linatoka karatasi ndefu nyembamba ya mti. Hizo karatasi ndizo zinazokwenda kugandamizwa zikawa plaiwudi. Wanaume wanabeba magogo na kuendesha mashine, sisi wanawake tunaanika. Karatasi mbichi ni nzito, inachuruzika maji, na upepo wa Makambako mnaujua wenyewe. Mwezi wa sita vidole vinakufa ganzi mpaka unashindwa kufunga kitenge chako.

Bosi wetu, huyo meneja, alikuwa anatutawala kama tuko jela. Mkisimama watatu pamoja, mlinzi anakuja kuuliza mnaongea nini. Chooni unakwenda kwa ruhusa. Kuna wenzetu waliwahi kutaja habari za kuingia chama cha wafanyakazi, hawakumaliza wiki, wakatolewa getini na virago vyao. Tangu hapo kila mtu akajifunza kusema "ndiyo bosi" na kutabasamu.

Lakini msidhani tulikuwa mazezeta! Alipotuzidishia kazi, sisi wa kuanika tulikuwa "tunasahau" kugeuza karatasi. Mawingu yakitanda zinaota ukungu, zinapinda kama kaukau za viazi. Bosi anafoka, sisi tunamwambia, "Bosi, jua la huku ndivyo lilivyo." Na kule ndani Zabron, yule mwendesha mashine, alikuwa anasimamisha kisu katikati ya kazi anasema kimelala, kinataka kunolewa. Anakinoa taratibuuu, na sisi huku nje tunapumua.

Zabron alikuwa Mpangwa wa kule Ludewa. Mtu wa masihara, kila saa ananiita shemeji ingawa hatuna undugu wowote. Bila yeye wengi wetu tungeshakata tamaa.

Sasa tatizo kubwa lilikuwa kava. Mashine ile ilikuja na kava la chuma mbele ya kisu, la kuzuia mkono wa mtu usivutwe. Bosi akaliona linachelewesha magogo. Akaamuru lifunguliwe, likatupwa nyuma ya stoo. Tangu siku hiyo Zabron alikuwa anafanya kazi na kisu kiko wazi, kinamwangalia. Akasema hapana, hili lazima tulisemee wote.

Tulisemee wapi, wakati kusimama watatu ni kosa? Ndipo tukakumbuka mgowe.

Kwa msiotoka huku niwaeleze. Mgowe ni kulimiana. Unawaita watu shambani kwako, wanakuja na majembe yao, wanalima mpaka linakwisha, na wewe unapika na unaandaa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na togwa kwa wasiokunywa. Kesho na wewe unakwenda kwa mwenzako. Basi kila Jumamosi mchana tukitoka kiwandani tulikuwa na mgowe kwa mtu. Tunapalilia, tunakula, na tukikaa kupumzika tunaongea mambo yetu. Nani atawashuku wakulima wenye majembe? Weee! Ilikuwa raha. Pale shambani mtu aliyenyamaza wiki nzima anasema mpaka anasimama.

Siku moja mlinzi akanifuata kwenye karatasi. "Mama Ima, unaitwa na bosi."

Nikajua leo nimekwisha. Nafika, nakuta amenitengea chai ya maziwa na mkate umepakwa siagi. Tangu nianze kazi pale sikuwahi kukalia kiti cha ofisi ile.

"Kaa, mama. Mumeo anaendeleaje na kifua?"

Mume wangu, Baba Ima, alikuwa kibarua wa uani. Kazi yake ilikuwa kubeba magogo, mvua yake, jua lake. Kifua kilikuwa kinambana, akianza kukohoa watoto wanaamka. Ni mzee wa kanisa, mtu mpole, pombe haijui kabisa. Hata togwa akipewa anauliza kwanza kama halijachacha.

"Anaendelea hivyo hivyo, bosi," nikasema.

"Nasikia watu wangu ni wakulima hodari. Kila Jumamosi mko shambani."

Nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka, nikaona fahari bosi kujua habari zetu! "Ni mgowe tu, bosi. Desturi ya huku."

"Na mkishalima mnaongea nini?"

Angekuwa mtu mwingine angesema tunaongea habari za watoto, yakaisha. Mimi nikainamisha macho kwenye kikombe, na bosi siyo mtoto.

Akaniambia polepole, wala hakufoka. Alisema mtu wa mashine anafanya kazi ndani, hanyeshewi, na ana ajira ya kudumu. Alisema anatafuta mwaminifu wa kukaa pale, mzee wa kanisa kwa mfano. Halafu akasema, "Mgowe ujao fanya kwako. Unisikilizie nani anaanzisha maneno, basi. Simfanyi mtu kitu, nitamwonya tu."

Simfanyi mtu kitu! Na mimi nikajitia kuamini. Jamani, moyoni nilijua. Nilijua ninavyojua jina langu. Lakini niliusikia kile kikohozi masikioni, nikamaliza chai, nikasema ndiyo bosi.

Nikawaita. Mimi mwenyewe kwa mdomo wangu nilipita kwa kila mmoja, "Jumamosi kwangu jamani, mahindi yamezidiwa na majani." Wakaja wote. Shamba langu liko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Njombe. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, udongo mzito, lakini walilima huku wanaimba. Mama Sara, rafiki yangu wa kuanika naye bega kwa bega, alikuja na mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Wewe kaa tu umnyonyeshe." Akasema, "Nikae vipi wakati juzi umelima kwangu mpaka jioni?"

Akalima. Mtoto analia mgongoni, mama yake analima shamba la nyoka!

Nilipika ugali, maharage na kuku wangu wawili. Mume wangu hakuwepo, alikuwa kanisani na kikao cha wazee, na mimi niliichagua Jumamosi hiyo makusudi asiwepo. Walipokwisha kula, ulanzi ukawa unazunguka kwa kopo moja, Zabron akasimama.

"Jumatatu nikizima mashine," akasema, "mtu asiguse kitu. Wa nje acheni karatasi, wa uani acheni magogo. Bosi akiuliza nani kaanza, tuseme kava ndilo lililoanza. Kava likirudi, tunarudi."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Na akitufukuza?"

"Atatufukuza wote? Karatasi ataanika mke wake?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, nikamwongezea Zabron kuku. Nilimchagulia paja. Mungu wangu, lile paja!

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilitoka ibadani na Biblia yangu kwapani, nikapitia kwa bosi. Nilimwambia yote. Nilisema mpaka lile la mke wake kuanika karatasi, ambalo halikuwa na faida yoyote kwa mtu. Sijui kwa nini nililisema. Labda nilitaka nionekane nimefanya kazi vizuri.

Jumatatu asubuhi bosi mwenyewe alikuwa getini. Tuliingia mmoja mmoja. Zabron alipofika akazuiwa, na vijana waliomuunga mkono shambani nao wakazuiwa. Bosi akasema kwa sauti tusikie wote, "Karatasi ataanika mke wangu, siyo?" Zabron aliambiwa avue buti, ni mali ya kiwanda. Akazivua pale pale, akaondoka peku kwenye tope la lori, wala hakugeuka.

Hakuna aliyeacha karatasi. Hakuna aliyeacha gogo. Mashine iliwashwa na mtu mwingine siku ile, na kabla ya wiki kwisha aliyekaa pale alikuwa mume wangu.

Alirudi nyumbani anang'aa. Alipiga magoti sebuleni akanishika mkono, "Mke wangu, Mungu amesikia maombi yetu." Nikasema amina. Mimi nami nilipandishwa, nikawa nyapara wa kuanika. Yaani kazi ya kuangalia nani "anasahau" kugeuza karatasi.

Wenzangu walijua. Wangeachaje kujua? Maneno ya shambani kwangu yametoka mdomoni mwa bosi bila kupungua hata moja, na mume wangu kakalia kiti cha Zabron. Lakini hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana! Walinisalimia vizuri tu, "Kamwene, dada," na kunipisha njia. Jumamosi zikapita, nikawa nawaona wanakwenda na majembe yao, mimi siambiwi. Baadaye hata wao wakaacha. Kila mtu akawa analima kipande chake peke yake na watoto wake, maana nani amwamini nani? Na kiwandani karatasi zikawa zinageuzwa kwa wakati, hazioti ukungu tena. Bosi alinisifia.

Mume wangu alipokuwa anatoka asubuhi nilikuwa namwambia, "Angalia mkono, Baba Ima." Ananijibu, "Mkono uko kwa Mungu." Mara moja nilijaribu kumwambia aombe kava lirudishwe. Akasema, "Mimi mgeni pale, nianze na malalamiko? Na waliolalamika unajua walivyofanywa."

Siku yenyewe nilikuwa nje. Gogo lilikuwa na fundo, hivyo ndivyo nilivyoambiwa baadaye. Lilirukia upande, yeye akapeleka mkono kulirudisha. Sisi nje tulisikia mashine imebadilika sauti, halafu tukasikia mtu. Sikujua kama ni yeye. Mume wangu huyu hajawahi kupaza sauti tangu anioe, ningeijuaje?

Sitaeleza nilichokikuta. Mama Sara ndiye aliyevua kitenge chake tukamfunga nacho. Tulimkimbiza hospitali ya Ilembula, na wale madaktari walifanya walichoweza, lakini kiganja cha kushoto hakikuwa cha kuunganishwa tena.

Zabron alikuja kumwona. Alitokea huko alikokuwa anapasua mbao za watu, amebeba ndizi. Wakakaa, wakaongea, Zabron akamfanyia masihara mpaka mume wangu akacheka na bandeji zake. Halafu mume wangu akamuuliza, "Hivi ndugu yangu, nani aliwachoma ninyi kwa bosi? Maana kava lingerudi wakati ule, mimi leo ningekuwa mzima."

Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya chai. Zabron aliniangalia kidogo, siyo kwa hasira, akamgeukia mgonjwa.

"Yalishapita, mzee. Wewe pona kwanza."

Afadhali angenitaja! Angenitaja siku ile ningelia, ningegaragara, yangekwisha. Amenihurumia, na huruma yake nimeshindwa kuibeba.

Tukaambiwa afisa wa mambo ya kazi atakuja kutoka Njombe kuuliza ilikuwaje. Ikiwa kava liliondolewa kwa amri, kiwanda kina kosa, na mume wangu ana haki yake. Nikamfuata Mama Sara nyumbani kwake.

"Mwenzangu nisaidie. Semeni tu kwamba kava liliondolewa. Kila mtu aliona."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Dada, mimi sikuona kitu."

"Mama Sara! Liko nyuma ya stoo, tunalipita kila siku!"

"Mara ya mwisho tuliposema tumeona, tulikuwa shambani kwako, tumeshiba chakula chako." Akaendelea na mboga zake. "Nina watoto, dada. Bosi akiuliza nani kasema, nani atanificha? Wewe?"

Nikaenda kwa wengine. Wote walinikaribisha, wakanipa kiti, wakampa pole mgonjwa. Na wote hawakuona kitu.

Bosi hakukaa bure. Alimfuata mume wangu kitandani na mfuko wa matunda. Mimi sikuwepo, nilikuwa zamu. Niliporudi nikamkuta ananitazama kwa upole.

"Nimeamua, mke wangu. Nitasema nilikuwa nimekunywa."

"Umekunywa nini?"

"Ulanzi. Nitasema nililewa nikajikata mwenyewe. Bosi amesema nikikishitaki kiwanda, na wewe utaondoka. Mimi sina mkono tena. Wewe ukiondoka, watoto watakula wapi?"

Nikamwambia usithubutu! Nikamwambia wewe ni mzee wa kanisa! Akaniambia, "Ninakulinda wewe. Na wewe ungekuwa mahali pangu ungefanya hivyo hivyo."

Hapo ndipo pa kumwambia, ndugu zangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu, "Mimi nilishafanya, na ndicho kilichokukata." Nikamrekebishia blanketi.

Afisa alikuja, akauliza, mume wangu akasema alilewa. Wafanyakazi wakaulizwa, wakasema hawajui. Afisa angefanya nini? Akaandika alichoambiwa akaondoka. Na maneno hayakukaa kiwandani, yakafika usharikani. Mzee wa kanisa kalewa kazini mpaka kajikata mkono! Kamati ikakaa, akavuliwa uzee, akatengwa na Meza ya Bwana. Jumapili nyingi amekuwa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, yeye aliyekuwa anapokea sadaka mbele. Watu wazima wanamwonyesha kwa watoto wao, unaona pombe? Na bosi anaendelea kupokea lori za magogo, kisu kiko wazi vile vile, na mwingine amekaa pale.

Jumapili iliyopita ndiyo iliyonifanya niandike. Mume wangu alirudishwa kundini. Mchungaji alimwita mbele, akasimama na lile koti lake la ibada, mkono mmoja wa koti umefungwa kwa pini. Sisi kwaya tulikuwa pembeni pale, ningeweza kumgusa.

Akasema, "Mbele za Mungu na mbele ya usharika huu, nakiri nilikunywa pombe, nikaharibu kazi ya watu, nikaliaibisha kanisa. Naomba mnisamehe."

Sauti ilimkatika kwenye "kanisa." Yule anapenda kanisa kuliko chakula. Mama Sara alikuwa ubavuni kwangu, alitazama chini tu.

Mchungaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno la toba. Nikasema leo, sasa hivi, liwalo na liwe! Nikapiga hatua mbele, nikafungua mdomo. Mwalimu wa kwaya akadhani nataka kuanzisha wimbo, akanipa sauti.

Nikaimba. Jamani, niliimba wimbo wote, beti zote!

Sasa ninyi mlioko viwandani, mashambani, popote penye bosi mkali, nawaambia kama mtu aliyeungua. Kusema "ndiyo bosi" mchana kutwa siyo dhambi, hata mimi sikulaumu, sote tuna watoto. Lakini walichokuambia wenzako wakila kwenye sahani yako kife na wewe. Usijidanganye kwamba unaiokoa nyumba yako. Fukuzwa nao, kalime, kauze hata mboga. Na kama umeshakosea kama mimi, sema mapema kwa mtu mwenyewe, usisubiri kama nilivyosubiri, maana kila siku inayopita maneno yanazidi kuwa mazito.

Mume wangu usharika mzima umemsamehe kosa ambalo hakulifanya. Tulipotoka kanisani siku ile watu walimpa mkono, yeye akaja moja kwa moja kwangu, akanishika bega kwa ule mkono uliobaki, akaniuliza mbona nalia wakati yamekwisha.